Gia zilizo ndani ya kitovu cha kinga: matone machache ya mafuta kila mwezi

Wakati wa mavuno, kinga njo gari ya mukulima. Ikikwama njiani na mifuko miwili ya mahindi, siku ya soko imepotea.

Kati ya baisikeli za mutumba kutoka Ulaya, kuna zenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Inayojulikana sana ni Sturmey-Archer AW ya Uingereza, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936. Utaitambua kwa muyororo mudogo unaoingia ndani ya ekseli, upande wa kuume.

Gia ya 1 inapunguza mwendo kwa robo: hiyo njo ya kupanda kilima. Ya 2 inazunguka sawa na jino la cheni. Ya 3 inaongeza mwendo kwa sehemu moja ya tatu. Kazi hiyo inafanywa na meno madogo manne na vidole vya chuma vinavyosukumwa na springi nyembamba sana.

Mafuta gani?

Mafuta mepesi ya mashini, ao mafuta mapya ya moteri yasiyo mazito. Usitie mawese: yanaganda, vidole vinashikamana, pedali inazunguka bure. Grisi nzito ndani ya gia inaleta shida ile ile. Nafasi yake ni kwa gololi tu. Mafuta ya moteri yaliyotumika yako na unga wa chuma unaokula meno.

Namna ya kufanya

1. Pangusa vumbi kwanza, mchanga usiingie.
2. Fungua kifuniko kidogo juu ya kitovu, tia matone machache. Kama hakuna kifuniko, fungua ule muyororo mudogo, laza kinga, tia mafuta ndani ya tundu la ekseli.
3. Zungusha gurudumu, badilisha gia zote tatu.
4. Rudia kila mwezi. Kama kitovu kilikaa kikavu muda murefu, mara ya kwanza tia kijiko kimoja kidogo.

Angalia waya

Waya ukilegea, kati ya gia ya 2 na ya 3 pedali inaponyoka gafula. Mwenye kusimama juu ya pedali na muzigo anaweza kuanguka vibaya, na meno ya ndani yanavunjika. Weka gia ya 2, chungulia katika tundu la nati ndefu ya kuume: mahali muyororo unapoungana na kijiti chake panapaswa kuwa sawa na mwisho wa ekseli. Ikipita ao ikibaki ndani, rekebisha, kisha kaza nati ndogo ya kufungia.

Wamemba wa koperativi wanaweza kununua chupa moja pamoja na kuchagua siku moja ya mwezi kwa kinga zote. Chupa hiyo itatosha muda murefu. Kitovu kilichovunjika, vipande vyake ni vigumu kupata hapa kwetu.