Chumvi ya Kunusa na Nguvu za Mwanamichezo: Kiboko au Lishe?

Neno chumvi humpeleka msikilizaji moja kwa moja jikoni, na hapo ndipo utata wa istilahi hii unapoanzia. Chumvi ya kunusa haitiwi chakulani. Ni chumvi kwa maana waijuayo wanakemia: kaboneti ya amonia, ambayo hutoa gesi ya amonia inapoachwa wazi. Katika Uingereza ya karne ya 19 ilihifadhiwa katika vichupa na kupitishwa puani mwa waliozirai. Siku hizi aghalabu huuzwa ikiwa amonia iliyochanganywa na maji na alkoholi, ndani ya kichupa chembamba kinachovunjwa kwa vidole. Wanyanyuaji vizito, na hata wachezaji wa hoki ya barafuni na wa kandanda ya Kimarekani, huinusa punde kabla ya kushindana, wakiamini kwamba inawaongezea nguvu. Je, imani hiyo ina mashiko?

Mkazi wa Kiboko, kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, hahitaji kuagiza kichupa hicho ili aijue harufu yenyewe. Afunguaye zizi la mbuzi alfajiri hupigwa puani na amonia iyo hiyo, itokanayo na yurea ya mkojo inapovunjwavunjwa na bakteria. Macho hutoa machozi, kichwa hurudi nyuma, pumzi huvutwa kwa ghafla. (Hajasikika bado mtu anayedai kwamba wachungaji hunyanyua vizito kuliko watu wengine kwa sababu hiyo.) Gesi hiyo huuchoma utando laini wa pua na koo; neva hupeleka habari ubongoni, nao ubongo hujibu kana kwamba pana hatari. Mapigo ya moyo huongezeka na mtu huchangamka. Hali hii hupita upesi.

Lugha yenyewe inatupa mfano wa karibu. Kiboko, mbali na kuwa jina la mahali hapo na la mnyama wa majini, ni mjeledi uliokatwa kutoka katika ngozi ya mnyama huyo. Punda wa kubeba mitungi ya maji akisinzia njiani, kiboko kitamwamsha. Lakini hakimwongezei msuli wala hakimtii majani tumboni. Tena punda ambaye tayari anakwenda mbio hana usingizi wa kuondolewa. Hivyo ndivyo alivyo mwanamichezo aliyekwisha kupasha mwili moto na kuyaelekeza mawazo yake yote kwenye chuma kilicho mbele yake.

Tafiti zinaelekea huko huko. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2018, wanyanyuaji vizito wa umri wa chuo, wanaume kwa wanawake, walipimwa uzito wa juu kabisa waliomudu kuinua kutoka sakafuni mara moja. Amonia haikuuongeza uzito huo. Majaribio mengine yameonyesha mapigo ya moyo yakipanda na damu ikienda kasi zaidi ubongoni, ilhali nguvu za msuli zikibaki pale pale. Kinachobadilika ni hisia: mtu hujiona amepata ari. Hisia si kitu cha kudharauliwa katika michezo, ila haihesabiwi kwa kilo.

Lililo zito zaidi ni pale chumvi hii inapopewa mchezaji aliyegongwa kichwa. Mtikisiko wa ubongo hutambuliwa kwa dalili kama vile kupumbaa, kuyumba na kusahau. Amonia inaweza kuzifunika dalili hizo kwa muda, mchezaji akarudishwa uwanjani na kugongwa mara ya pili. Isitoshe, kichwa kinachorushwa nyuma kwa ghafla kinaweza kuzidisha madhara ikiwa shingo imeumia. Ndiyo maana kanuni nyingi za ndondi huikataza. Robert Wangila, bondia wa Kenya aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki jijini Seoul mwaka wa 1988, alifariki Las Vegas mwezi wa Julai 1994 kutokana na jeraha la kichwa alilolipata ulingoni. Kifo hicho hakitajwi hapa kwa kuihusisha amonia, bali kwa kuwa kinaonyesha jinsi jeraha la aina hiyo lisivyo la kuchezewa.

Amonia haimo katika orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli. Hata hivyo, mwaka wa 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi dhidi ya vichupa vinavyouzwa bila idhini yake, na mwaka wa 2025 ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani ikazizuia timu zake kuwagawia wachezaji. Katika viwanja vya vumbi vya Kiboko, ambako daktari wa timu ni nadra kuonekana, mchezaji aliyeanguka na kupoteza fahamu hahitaji kunusishwa kitu. Anahitaji shingo yake isisogezwe, pumzi zake ziangaliwe, na gari la kumfikisha hospitalini Makindu.