Uwanja wa Shule Nao Ni Darasa

Kila mara buleteni za pointi zinapogawanywa katika shule za msingi za Bukavu, wako wazazi wanaoisoma karatasi ile kutoka juu hata chini, lakini wakifika kwenye mistari ya kuimba, kuchora na mazoezi ya mwili huipita upesi, kana kwamba hapo hapakuandikwa kitu. Wanachokitafuta ni hesabu na Kifaransa. Baba mmoja atasema, "Mpira hauleti unga nyumbani." Mama mwingine atasema, "Sikumpeleka mtoto shuleni akajifunze ngoma. Ngoma tunazo kwetu." Maneno hayo si ya upumbavu. Mzazi aliyeshinda juani katika soko la Kadutu ili apate fedha ya daftari ana haki ya kuuliza saa za mtoto wake zinatumikaje. Basi, wasomaji wapenzi, leo twataka kumjibu mzazi huyo kwa heshima, maana jambo lenyewe si dogo. Tukikosea hapa, tutawapotezea watoto wetu kitu ambacho hakirudishwi kwa urahisi.

MJI WA RASI NA VILIMA

Kwanza tuutazame mji wetu. Bukavu, ulioitwa Costermansville hata mwanzoni mwa miaka ya 1950, umekaa juu ya rasi tano zinazoingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na juu ya vilima vinavyopanda nyuma yake. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Wageni husifu uzuri wa mahali hapa, nao hawakosei. Lakini anayelea watoto hapa huona jambo jingine: ardhi ya tambarare ni haba sana. Mji uliopangwa kwa watu wachache leo una watu zaidi ya milioni moja. Katika Kadutu na Bagira, na hata pande za Ibanda, nyumba zimepanda mlimani zikigusana ukuta kwa ukuta. Mvua ikinyesha sana, udongo huteremka na mara nyingine huchukua nyumba na watu waliomo. Mtoto akicheza nje ya mlango wao, anacheza kando ya mtaro au katikati ya pikipiki.

Kwa hiyo uwanja wa shule mara nyingi ndio mahali pekee penye usawa ambapo watoto wengi waweza kukimbia pamoja bila hatari. Na ndiyo maana uwanja huo unatamaniwa na wengine. Leo jirani anasogeza ua wake hatua mbili. Kesho kibanda kinasimama, na kesho kutwa kuna matofali. Wazazi wanaosema kwamba michezo ni upuzi, bila kujua, wanawapa nguvu wale wanaosema kwamba uwanja ni ardhi isiyo na kazi.

RATIBA INASEMA NINI

Pili, tujue kwamba mambo haya hayakubuniwa na mwalimu mvivu anayetaka kupumzika. Ratiba ya Taifa ya shule za msingi, ambazo masomo yake huchukua miaka sita, inayaweka kuchora, kuimba, kazi za mikono na mazoezi ya mwili pamoja na lugha na hesabu. Tena, Mapatano ya Haki za Mtoto yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 yanasema katika kifungu cha 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika, kucheza, na kushiriki katika mambo ya utamaduni na sanaa. Nchi yetu iliyathibitisha mapatano hayo mwaka 1990.

Lakini twajua pia namna saa hizo zinavyopotea. Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, ambayo Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kuiahidi. Watoto wengi waliokuwa wakikaa nyumbani kwa kukosa minervali waliingia shuleni. Hilo ni jema kubwa, wala hatutaki lirudishwe nyuma. Lakini madarasa yakajaa kupita kiasi, na mwalimu aliyebanwa na mtihani wa darasa la sita akaanza kukata. Akakata nini? Akakata wimbo, kisha picha, kisha mchezo.

Twaona kwamba amekata mahali pasipofaa. Katika darasa lenye watoto wengi, wapo ambao hawaitwi ubaoni hata mara moja kwa juma zima. Wanakaa nyuma, wamenyamaza, na mwalimu hajui sauti yao. Lakini huko uwanjani huonekana. Yule asiyejua kugawanya kwa tarakimu mbili anaweza kuwa ndiye anayegawa mpira kwa haki kuliko wote. Yule mwenye aibu ya kusoma kwa sauti aweza kushika sauti ya pili katika kwaya bila kuteleza. Mwalimu akiliona hilo amepata mlango wa kuingilia, na mtoto aliyesifiwa kwa kweli mara moja haogopi tena kalamu kama alivyoogopa jana.

WATOTO WA KAMINA

Mama aliyesema "ngoma tunazo kwetu" amesema neno la kweli. Wahenga nao walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Hebu tutazame mfano mmoja uliotokea katika nchi yetu wenyewe.

Katika miaka ya 1950, huko Kamina katika Katanga ya wakati ule, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliwakusanya watoto wa shule wapatao 45, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15 hivi. Hakuwafundisha kuimba kama watoto wa Ulaya. Aliwaacha walete sauti na mapigo ya ngoma waliyoyasikia kwao. Mwaka 1958 wakaimba Missa Luba, yaani maneno ya Misa kwa Kilatini katika nyimbo za Kiluba na za makabila mengine ya Kongo. Wimbo huo haukuanza kwenye karatasi ya noti. Waimbaji walijaribu, wakarudia, wakakubaliana. Mwaka ule ule walikwenda Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na sahani zao za santuri zikasikilizwa katika nchi nyingi. Waliozisikia walitambua kwamba nyimbo za kijijini zinaweza kusimama mahali popote duniani bila haya.

Tuangalie vema siri yao. Kutoka nyumbani walileta wimbo. Shuleni walipata saa, utaratibu, wenzao, na mwalimu asiyekubali kazi ya nusu. Kimoja bila kingine kisingetosha.

Sasa tuurudie mji wetu. Kwenye benchi moja la shule ya Bukavu anaweza kukaa mtoto wa Bashi, wa Barega, wa Bahavu, wa Bafuliru na wa Babembe. Wengi wao wamezaliwa mjini na hawajapata kuona mzee akipiga lulanga, kile chombo cha Bashi cha ubao uliochimbwa kama chano, chenye nyuzi zilizopita juu yake. Wengi hawajui kwamba Barega walikuwa na mutanga, kamba iliyotungikwa vitu vidogo vidogo, na kila kitu kikikumbusha methali yake. Mwalimu wa kazi za mikono aweza kuwaambia watoto watengeneze kamba ya namna hiyo kwa ganda la konokono, unyoya, kipande cha mti na kibuyu kidogo. Kila mtoto amwulize nyanya yake methali moja, aje kuieleza kwa wenzake. Hapo kuna kazi ya mikono, kuna lugha, kuna adabu ya kusikiliza wazee. Tena mtoto wa kabila moja anajifunza akili ya kabila jingine kabla hajafundishwa na watu wabaya kulichukia.

MICHEZO HAIHITAJI MALI NYINGI

Wengine watasema, "Tungependa, lakini hatuna uwanja mkubwa wala vyombo." Nao tunawajibu kwa mifano.

Mwaka 1917 Padri Raphaël de la Kethulle, mzaliwa wa Brugge huko Ubelgiji, alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Alikuwa mtu wa shule, na toka shuleni akapanua michezo hata mji mzima ukamwita Tata Raphaël. Mwaka 1952 ulifunguliwa uwanja mkubwa ambao leo wajulikana kwa jina lake. Lakini hakuanza na uwanja huo. Alianza na wanafunzi na mpira.

Mfano wa pili ni wa mwalimu James Naismith, mtu wa Kanada, aliyefundisha Springfield katika Marekani. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1891, baridi ikiwa kali nje, alikuwa na vijana 18 ndani ya chumba, nao walikuwa wamechoshwa na mazoezi yale yale. Akatundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria chache. Hivyo ndivyo mpira wa kikapu ulivyozaliwa: kwa sababu ya kukosa nafasi! Basi, shule yenye uwanja mwembamba Kadutu isikate tamaa.

Mfano wa tatu ni wa binti zetu wenyewe. Nzango ni mchezo wa wasichana wa Kongo zote mbili. Wanasimama pande mbili wakikabiliana, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele, na pointi hufuata mguu uliotoka. Mchezo huo wa nyuani ulitengenezewa sheria, na mwaka 2015 ulichezwa katika Michezo ya Afrika huko Brazzaville. Hauhitaji mpira wala viatu. Twalisema hili kwa makusudi, maana katika shule nyingi wavulana huchukua uwanja wote, na wasichana husimama ukutani wakilinda makoti ya kaka zao. Haki haipo hapo.

Na kama hakuna fedha ya mpira, majani makavu ya migomba na kamba yangalipo. Baba wengi wanaotusoma walianza na mpira huo huo.

WATOTO WALIOONA VITA

Kuna sababu nyingine, nayo ni nzito. Mji huu umeona vita mwaka 1996, mwaka 2004, na tena mwezi wa pili mwaka 2025, wakati milango ya shule ilipofungwa na wazazi walipowafungia watoto ndani wakisikia risasi. Mtoto anaporudi darasani baada ya mambo hayo, mwili umerudi lakini moyo huenda bado umejificha chini ya kitanda. Hawezi kusema alichokiona. Lakini aweza kukichora. Aweza kuimba pamoja na wengine hata pumzi yake ikatulia. Aweza kukimbia hata uchovu wa mchezo ukampa usingizi.

Mwalimu awe na hekima hapo. Asimlazimishe mtoto aeleze picha yake mbele ya darasa, wala asiitundike ukutani kwa kuwaonyesha wageni. Akiona mtoto anachora jambo lile lile la kutisha kila juma, au hataki kabisa kucheza, amwite mzazi faraghani, nao wamtafute mganga au mtu mwingine ajuaye kutunza majeraha ya moyo. Mchezo ni msaada mkubwa, lakini si dawa ya kila kitu.

YATUPASAYO

Basi, tufanye nini? Kwa walimu twasema: saa iliyoandikwa katika ratiba iheshimiwe kama saa ya hesabu. Isiwe adhabu, yaani kumnyima mchezo yule aliyekosa jibu. Maana mara nyingi huyo ndiye anayeuhitaji zaidi. Kila mtoto apate zamu, hata yule aliyelemaa mguu: awe mwamuzi, mpiga ngoma, au mtunza pointi, na si mtazamaji wa siku zote. Nyimbo na ngoma zisitayarishwe kwa ajili ya siku ya kutangaza matokeo tu, ili wakubwa wapige makofi, kisha mwaka mzima kimya.

Kwa Direkta twasema: michezo isigeuke mlango wa kuwatoza wazazi michango ya nguo za rangi na zawadi. Ikiwa hivyo, maskini atabaki nje ya uwanja kama alivyobaki zamani nje ya darasa.

Kwa wazazi twasema: mkipewa buleteni, isomeni yote. Mwulizeni mtoto, "Umeimba wimbo gani? Umecheza na nani?" Mzee mwenye kujua hadithi au chombo cha muziki asingoje kuombwa mara tatu, aende akajitolee saa moja kwa mwezi. Wala mpira usile masomo: mtoto anayecheza hata usiku na kuacha daftari lake tupu, huyo azuiwe nyumbani kwa upole na uthabiti. Kila kitu kina saa yake.

Na neno la mwisho ni kwa komite ya wazazi. Kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza, nendeni pamoja na Direkta mkatazame mipaka ya kiwanja cha shule kwa miguu yenu. Ulizeni hati ziko wapi. Pandeni miti mpakani, na palipopunguzwa, semeni sasa kwa wakubwa wanaohusika, kabla ukuta haujakauka. Hesabu iliyokosewa hufutwa ubaoni kwa kitambaa. Nyumba iliyojengwa juu ya uwanja wa watoto ni vigumu sana kuifuta.