Vuli Milimani: Tupange Safari kwa Maji, Si kwa Kilele

Wikiendi ya milimani na marafiki ni starehe isiyodai fedha nyingi, na Korogwe, mkoani Tanga, imejaliwa milima. Upande mmoja iko Usambara Magharibi, inayopandwa kutoka Mombo na Korogwe yenyewe. Upande wa pili iko Usambara Mashariki, yenye misitu ya Nilo na Amani. Kati ya pande hizo limelala bonde la mto Lwengera. Wengi wanaobeba mabegi na mahema kwenda huko huanza kwa kuuliza kilele: ni kipi, kina urefu gani, kinaonesha mandhari gani. Katika miezi ya vuli, Oktoba hadi Desemba, hilo si swali la kwanza. Kinachoamua kama kundi litarudi salama ni vijito vinavyokatiza njia, saa ya kuvivuka na nguo zilizolowa. Safari ya vuli yapaswa kupangwa kwa maji.

Sababu kubwa ni umbo la nchi. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukikutana na milima hii hulazimika kupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Ndiyo maana Amani, iliyo kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, ilhali Mombo, chini kabisa ya Usambara Magharibi, ni nchi kavu ambayo mpunga wake hutegemea mifereji ya umwagiliaji. Kwa hiyo anayetazama anga jeupe akiwa stendi ya Korogwe hajajua lolote kuhusu mvua inayonyesha juu. Na kwa kuwa mabonde ya milimani ni mafupi na yenye mteremko mkali, maji hayakawii: kijito kilichoishia kwenye vifundo vya miguu asubuhi chaweza kufika mapajani alasiri. Oktoba 2019 ilitupa somo chungu. Maji ya upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko kawaida, vuli ikawa nzito kote Afrika Mashariki, na huku Handeni na Korogwe mafuriko yakaua watu na kuikata barabara inayounganisha miji hiyo miwili. Ikiwa barabara kuu ilikatika, gogo lililolazwa juu ya kijito cha porini si la kutegemewa.

Maji hayadhuru mtoni tu. Joto la hewa hushuka kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000. Korogwe mjini ni mita 300 hivi, Lushoto ni kama 1,400. Tofauti hiyo ni burudani kwa aliye mkavu. Kwa aliyevaa jinzi na fulana ya pamba zilizoloa, huku upepo ukivuma, ni hatari, kwa sababu pamba hushika maji na maji hunyonya joto la mwili kwa kasi. Dalili zinaonekana kwa macho: mwenzenu anatetemeka, vidole vinashindwa kufunga kamba za viatu, kisha anaanza kukokota maneno. Hapo msiendelee na safari. Mkingeni na upepo, mvueni nguo mbichi, mvikeni kavu, na akiwa bado na fahamu timamu mpeni kinywaji cha moto chenye sukari.

Adui wa tatu ni ratiba. Kundi la marafiki wenye kazi Jumatatu hujikuta Jumapili mchana likiwa upande usiofaa wa kijito kilichojaa, na basi halisubiri. Kila mmoja ana wasiwasi, lakini hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema tungoje. Ajali nyingi za kuvuka maji huzaliwa katika ukimya huo. Dawa yake hupatikana kabla ya safari: kuchagua njia ambayo mto wake mkubwa huvukwa asubuhi, na kukubaliana kwamba sauti moja ya kukataa yatosha kuwasimamisha wote.

Yupo atakayesema kwamba wenyeji huvuka vijito hivyo kila siku wakiwa na mizigo kichwani, tena kwa kandambili. Ni kweli, nao ndio ushahidi wangu bora. Mkulima wa huko milimani, Vugiri au Bungu, anajua kivuko kipi kina mwamba na kipi kina tope, na maji yakibadilika rangi hukaa chini akangoja. Mgeni hana elimu hiyo, kwa hiyo ailipie: mwongoza njia mwenyeji ana thamani kuliko buti za bei ghali.

Mwingine atauliza kwa nini tusiende Juni hadi Septemba, kiangazi, yakaisha. Kwa anayepanda mara ya kwanza, huo ni ushauri mzuri. Lakini vuli kwa kawaida si mvua ya mfululizo kama masika. Huwa na siku za jua katikati, misitu imechangamka na maporomoko ya maji yamejaa. Haistahili kukimbiwa. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usomwe, na angalizo likitolewa safari iahirishwe. Ila utabiri huzungumzia eneo pana, si kijito kimoja, kwa hiyo macho yafanye sehemu yake. Maji yakigeuka kahawia na kubeba majani na vijiti, mvua imenyesha juu hata kama kichwani kwenu kuna jua. Chomekeni kijiti ukingoni, mtazame kwa robo saa: maji yakikipita, hakuna kuvuka.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa na marafiki kupanda Usambara vuli hii, uliza kwanza mtavuka wapi na saa ngapi. Funga nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki, legeza mikanda ya begi kabla ya kuingia majini, usivue viatu, na weka siku moja ya akiba. Vijito vya milimani hujaa haraka na hupungua haraka. Mara nyingi saa chache za kungoja zinatosha. Basi la Jumatatu lipo.