Kuzeekea Kalemie: kabla ya kununua parseli, uliza maji yalifika wapi

Mwezi wa nane Kalemie inapendeza sana. Mvua zimekatika tangu mwezi wa tano, mbingu iko wazi, na upepo wa kusi unatoka ziwani na kupoza joto la mchana. Mchanga wa pwani ni mpana, watoto wako vakansi, na asubuhi wavuvi wanarudi na ndakala. Ni katika mwezi huo ndipo watu wengi wa Lubumbashi, wa Kolwezi na wa miji mingine wanapopata nafasi ya kuja kutembelea ndugu na, kama umri wa pansheni umekaribia, kuangalia parseli. Wanasimama hatua chache kutoka kwenye maji, wanatajiwa bei, wanatazama jua likipanda upande wa Tanzania. Kwa mtu aliyepitisha miaka 30 katika vumbi la migodi, kukataa ni kazi.

Lakini mwezi wa nane hauonyeshi ziwa lote. Kila mwaka Tanganyika inapanda na kushuka. Maji yanakuwa juu kabisa mwishoni mwa mvua, kati ya mwezi wa nne na wa tano, kisha yanashuka polepole mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Tofauti hiyo haifiki mita moja, lakini kwenye pwani iliyo tambarare inatosha kula sehemu kubwa ya mchanga. Mnunuzi wa mwezi wa nane anaonyeshwa kiwanja maji yakiwa yanarudi nyuma. Jirani yake atakiona mwezi wa tano, na pengine hatakitambua.

Na hiyo ni miaka ya kawaida. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda kupita kawaida, na mwaka 2024 likapanda tena. Kalemie, Moba, Uvira, na Bujumbura upande wa Burundi, zote ziliona nyumba zikiingiliwa na maji. Wengi walisema ni mambo ambayo hayajawahi kuonekana. Wazee waliokuwa watoto wakati wa uhuru wanajua kwamba si kweli, kwa sababu mwaka 1964 pia ziwa lilipanda sana. Tena karne moja kabla ya hapo lilikuwa juu zaidi. Mwingereza Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta mto Lukuga, mlango pekee ambao ziwa linatolea maji yake, umezibwa na mchanga na majani. Maji yakaendelea kupanda mpaka karibu 1878, yakavunja kizuizi hicho, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10.

Lukuga hiyo inatokea Kalemie penyewe. Mji ulijengwa kwenye mlango wa ziwa. Wabelgiji waliuita Albertville, wakaleta reli kutoka Kabalo mwaka 1915, wakaweka bandari, na mizigo ikaanza kuvuka kwenda Kigoma. Lakini sehemu ya mji ilipanda juu ya vilima, na huko maji ya ziwa hayafiki. Watu wa zamani wa mji wakichagua pa kulala hutazama vilima kwanza. Mara nyingi mgeni ndiye anayetaka dirisha lake lifungukie mawimbi.

Hata hivyo sababu za kuipenda Kalemie si za uongo. Lubumbashi iko juu sana, zaidi ya mita 1.200, na baridi ya mwezi wa sita na wa saba inauma magoti ya mzee. Ziwa liko kwenye mita 770 na kitu, na joto lake halibadiliki sana kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Chakula kinatoka majini: ndakala, mikebuka, sangala, na kuhe kwa wale wanaoweza kulipa. Bukari na samaki mbichi wa asubuhi ni kitu ambacho pesa ya Kolwezi hainunui kirahisi. Ila hata samaki wana msimu wao sasa. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kati ya Mei na Agosti, ili samaki wazaane. Mzee anayepanga kula samaki kila siku ajue hilo mapema.

Halafu kuna vita. M23 walipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, watu walishuka kando ya ziwa, na mashua zilizojaa familia zikafika Kalemie. Wengine wao walikuwa watu wazima waliojenga Bukavu kwa jasho la maisha yote, wakidhani wamemaliza. Kwao neno kuchagua ni kubwa mno. Wamefika pale walipopata nafasi ya kushuka, na sasa wanauliza kama hapo ndipo watabaki. Kodi ya nyumba inahesabiwa kwa dola, pansheni inahesabiwa kwa franga, na mwenye nyumba anataka garanti kwanza.

Kalemie yenyewe haijakaa bila damu. Mapigano kati ya Watwa na Waluba, hasa mwaka 2016 na 2017, yalijaza kambi za waliokimbia vijiji pembeni mwa mji. Anayekwambia kwamba Tanganyika ni jimbo la amani tupu anauza parseli.

Pansheni ndiyo mwanzo wa hesabu yoyote, na hapa ndipo mipango mingi inapovunjika. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anategemea CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS. Mtumishi wa serikali ana njia yake nyingine. Walimu wengi wanaendelea kushika chaki na umri umepita, kwa sababu anayetoka bila malipo ya mwisho wa kazi anatoka mikono mitupu. Mtu wa namna hiyo hawezi kuhama mji kwa kutegemea pesa ambayo haijafika. Anayeweza ni yule aliyeanza kununua tofali akiwa bado kazini, au ambaye watoto wake wako Lubumbashi, Kinshasa ama Ulaya na wanatuma kitu kila mwezi. Mwenye kutegemea watoto afikirie pia umbali. Kutoka Lubumbashi kwenda Kalemie gari la moshi linazunguka kupitia Kamina na Kabalo, na safari inahesabiwa kwa siku. Barabara inategemea mvua. Ndege ni ya mwenye nazo. Mtoto atakayesema "Papa, tutakuja kila Noeli" anasema kwa moyo mzuri, lakini Noeli inaangukia katikati ya mvua.

Njia ya maji nayo ina hesabu yake. Ziwa hili lina urefu wa karibu kilomita 670 na kina kinachofika mita 1.470. Kusi ikivuma kwa nguvu, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, mawimbi yanakuwa ya bahari. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika maji ya Tanganyika na zaidi ya watu 100 wakafa. Kijana anaweza kusafiri juu ya magunia usiku kucha. Mzee mwenye presha afikirie mara mbili.

Presha, sukari, figo, macho: hayo ndiyo mambo ambayo mstaafu angepaswa kuyauliza kabla ya kuuliza bei ya kiwanja. Hospitali kuu ya Kalemie inapokea watu wa mji na wa vijiji vya mbali, na kwa malaria au mfupa uliovunjika mtu anahudumiwa. Ugonjwa unaotaka mashine kubwa na mganga wa pekee ni safari nyingine, mara nyingi Lubumbashi, na ndugu wanaanza kuchanga. Juu ya hayo kuna kolera. Kalemie na Uvira zimetajwa kwa miaka mingi kati ya miji ambamo ugonjwa huo haumaliziki, kwa sababu watu wengi bado wanachota maji ya ziwa moja kwa moja. Ziwa likipanda linaingia ndani ya vyoo, na maji yaleyale yanarudi kwenye ndoo. Kijana anaugua siku tatu na kusimama. Mwili wa miaka 70 ukipoteza maji namna hiyo unaweza kwisha kwa masaa. Kwa hiyo parseli yenye bomba la Regideso linalotoa maji kweli ina faida kuliko parseli yenye mandhari. Mgeni afungue bomba kwa mkono wake mwenyewe, tena saa za jioni. Umeme pia: unatoka mbali, kwenye mitambo ya Bendera juu ya mto Kyimbi, kaskazini mwa mji, na hitilafu huko ni giza huku.

Nyumba yenyewe isiwe ya haraka. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa lilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 6,8, na kuta zilianguka Kalemie. Ukuta wa tofali mbichi juu ya mchanga, bila chuma, hauna mwaka mzuri.

Kisha karatasi. Tangu sheria ya ardhi ya Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya taifa. Raia anapewa haki ya kuutumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Ushahidi wake ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya chifu, sahihi za mashahidi watatu au risiti ya kartie zinasaidia kuanza, lakini hazitoshi. Kwa kiwanja cha pwani hatari inaongezeka, maana ukingo wa ziwa ni wa serikali, na aliyejenga hapo anaweza kuambiwa avunje bila kulipwa. Wauzaji wengine wanajua hilo vizuri sana, ndiyo maana wanauza kwa haraka na wanapenda mnunuzi anayeishi mbali.

Jina lililo juu ya cheti nalo lina uzito. Wazee wengi wanaandikisha jina la baba peke yake. Siku akifa, ndugu zake wanafika kutoka kijijini na mjane anaombwa atoe funguo. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamweka mjane kati ya warithi na haimruhusu shemeji kumfukuza. Lakini kesi inataka pesa, na mwanamke mgeni mjini, ambaye ndugu zake wako Kasaï au Maniema, anabaki bila wa kumsimamia. Majina mawili juu ya cheti kimoja yanapunguza fujo hiyo kabla haijaanza.

Wengine wanatazama mahali pengine kwenye ziwa hilohilo. Uvira iko karibu na Bujumbura, jambo zuri kwa matibabu na biashara pale mpaka unapofunguka, lakini mji umebanwa kati ya milima na maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kwa hasira na kuua makumi ya watu, na vita havijawa mbali. Moba ina bandari chini na Kirungu juu, ambako wamisionari walijenga tangu mwisho wa karne ya 19. Anayetaka kuona ziwa bila kulala ndani yake angefanya vizuri kupanda Kirungu, kama anaweza kuishi mbali na hospitali kubwa na barabara nzuri. Kigoma inavutia kwa utulivu wake na kwa Kiswahili chake, ila sheria ya ardhi ya Tanzania ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Mstaafu wa Kongo atapanga tu, na karatasi za ukaazi atazihangaikia kila mara. Kuhusu bahari yenyewe, Kongo inayo kidogo, karibu kilomita 40 upande wa Muanda. Kwa mtu wa mashariki, kufika huko ni kuvuka nchi nzima.

Linabaki swali ambalo watoto hawapendi kulisikia mezani: mzee akifia Kalemie, atazikwa wapi? Kupeleka maiti Lubumbashi au Bukavu kunaweza kumaliza pesa yote ya familia. Kuna wanaoamua mapema na kuwaambia watoto waziwazi, mama akiwa amekaa pale anasikia. Kuna wanaonyamaza, na ugomvi unaanza mwili ukiwa bado nyumbani.

Anayetaka kujaribu Kalemie bila kujifunga aache mwezi wa nane kwa watalii. Aje mwisho wa mwezi wa tatu, apange chumba mpaka katikati ya mwezi wa tano, anywe maji ya kartie hiyo, apande pikipiki kwenye tope, alale gizani umeme ukikatika. Kila siku apite kwenye kiwanja alichokipenda. Awaulize wanawake wanaofua nguo ukingoni na wavuvi wanaofunga pirogi, si muuzaji, maji ya 2021 na ya 2024 yalisimama wapi. Watamwonyesha kwa kidole: mti fulani, ngazi fulani, alama kwenye ukuta wa jirani. Kisha asimame hapo na kuhesabu hatua mpaka kwenye mlango wa nyumba anayotaka kujenga.