Kutoa ni Moyo: Somo la Glavu na Buli

Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona ukurasa wa Ijumaa ukizungumzia mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya Marekani, tena unaohusu karamu ya Krismasi. Sikukuu hiyo si yetu, wala makala haya hayakusudii kuijadili. Hata hivyo, wapo vijana majumbani mwetu wanaoutazama mchezo huo, na sehemu yake moja imegusa jambo linalotuhusu sote, nalo ni zawadi na namna inavyoweza kuunganisha nyoyo au kuzivunja.

Mchezo wenyewe unaitwa The Office. Asili yake ni Uingereza, ambako Ricky Gervais na Stephen Merchant waliutunga na BBC ikaanza kuuonyesha mwaka 2001. Toleo la Marekani lilirushwa na NBC kuanzia mwaka 2005 hadi 2013. Linahusu wafanyakazi wa kampuni ya kubuni iuzayo karatasi katika mji wa Scranton, jimbo la Pennsylvania. Sehemu tunayoizungumzia, iitwayo "Christmas Party", iliandikwa na Michael Schur na kuonyeshwa tarehe 6 Desemba 2005.

Kisa chake ni hiki. Wafanyakazi wamepeana majina kwa siri, kila mmoja amnunulie mwenzake zawadi isiyozidi dola 20. Kiwango hicho kina hekima yake, kwani ofisini hukaa pamoja mwenye mshahara mkubwa na mwenye mdogo, na haifai furaha ya mmoja iwe fedheha ya mwingine. Lakini mkuu wao, Michael Scott, amevunja sharti hilo na kumnunulia kijana Ryan iPod ya kuonyeshea video kwa dola 400. Yeye mwenyewe anaieleza kamera imani yake: kwamba zawadi ni njia ya kumwonyesha mtu unampenda kwa kiasi cha dola ngapi.

Ikafika zamu yake ya kufungua. Bibi Phyllis, mfanyakazi wa makamo, alikuwa amemfumia kwa mikono yake glavu ya kushikia vyombo vya moto. Badala ya kushukuru, Michael alichukia waziwazi mbele ya watu. Papo hapo akabadili utaratibu: zawadi zote ziwe za kunyang'anyana, kila mtu achague iliyofungwa au atwae iliyokwisha kufunguliwa mkononi mwa mwenzake. Matokeo yake si vigumu kuyakisia. Wote wakaikodolea macho ile iPod, na vitu vilivyoandaliwa kwa ajili ya mtu maalumu vikaangukia mikono isiyo yake.

Miongoni mwa vitu hivyo lilikuwamo buli la chai. Kijana Jim alimnunulia Pam, karani wa mapokezi, kwa kuwa alijua anapenda kunywa chai mezani pake. Ndani yake alitia vikorokoro vya kumkumbusha maskhara yao ya kazini, pamoja na barua. Kwa ule utaratibu mpya buli likaishia kwa Dwight, mtu asiyejua lolote kuhusu maana yake, naye akapanga kulitumia kusafishia pua. Pam ndiye aliyeipata iPod. Mwishowe Pam akaenda kwa Dwight, akampa ile iPod na kuchukua buli. Kwa hesabu ya Michael, alipata hasara kubwa. Lakini Pam alitambua kuwa kitu cha bei ndogo kilibeba ndani yake fikra ya mtu aliyemjua.

Hatuna budi kusema pia kwamba Pam wakati huo alikuwa mchumba wa mtu mwingine, na dini yetu ina mipaka yake katika mambo ya namna hiyo. Aidha, Michael alipoona karamu imeharibika, alikwenda kununua chupa 15 za vodka. Watu wakachangamka, na mwanamke mmoja aliyelewa akamvulia nguo ofisini mwake. Wazazi wajue hilo kabla ya kuwaweka watoto mbele ya kipindi hicho. Kileo kiliwachekesha watu kwa saa chache, lakini hakikuweza kuyafuta maneno aliyokwisha kuyasikia Phyllis.

Jambo jingine la kutafakari ni kwamba siku hiyohiyo ya 6 Desemba 2005, Apple na NBC zilitangaza kuanza kuuza vipindi vya televisheni hiyo kwa njia ya intaneti ili vitazamwe kwenye kompyuta na kwenye iPod. The Office ulikuwa miongoni mwao, na kila sehemu iliuzwa dola 1.99. Basi kifaa kilichowagombanisha wahusika kilikuwa kikipiganiwa sokoni wakati uleule. Soko lina lugha yake, na lugha hiyo ni bei. Tatizo huanza tunapoiingiza lugha hiyo katika mapenzi ya watu.

Waswahili walikwisha kusema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na imethibiti katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) aliwausia wanawake wa Kiislamu jirani asiidharau zawadi ya jirani yake, hata ikiwa ukwato wa mbuzi. Wanavyuoni wameeleza kuwa makatazo hayo yanawahusu wote wawili: mtoaji asione haya kutoa kidogo, na mpokeaji asikibeze kidogo hicho.

Tuitazame nafsi zetu. Shangazi anapotoka shamba na kikapu cha mihogo, na mjomba anapotuma simu mpya, je, watoto wetu wanatuona tukiwapokea kwa uso mmoja? Mtoto hasomi hadithi tunazomfundisha peke yake. Husoma pia uso wa baba na mama wakati kifurushi kinapofunguliwa. Na anayestahiki kuchunga zaidi ni mwenye cheo, kwani neno lake moja la dharau hubadili mizani ya nyumba nzima, kama Michael alivyoibadili ofisi yake.

Ile barua ya Jim haikusomwa usiku huo. Aliitoa kwenye buli kimyakimya kabla Pam hajaiona. Ilimfikia Mei 2013, zaidi ya miaka saba baadaye, katika sehemu ya mwisho kabla ya ile ya kuhitimisha mchezo, wakati walikwisha kuwa mume na mke na ndoa yao ilikuwa imepita katika mtihani mzito. Watazamaji hawakuambiwa kilichoandikwa ndani. Walimwona tu Pam akiisoma huku akilia.

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa wenye kutoa kwa moyo safi na kupokea kwa shukrani. Wabillahi tawfiq.