Duka langu la picha liko kwenye simu, lakini wateja walitoka ukutani

UKIINGIA sebule yoyote hapa Matulo, kabla hujaambiwa "keti", macho yako yatakuwa yameshapanda ukutani. Utaona kalenda ya kanisa, nyingine ya shule aliyosoma mtoto, na ya tatu ya mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi wa 2022 lakini bado anatabasamu. Juu kabisa, karibu na paa, zimepangwa picha za familia ndani ya fremu, zimeinama kidogo kwa mbele kana kwamba zinamchungulia mgeni.

Nimekulia chini ya picha hizo. Ndiyo maana naona aibu kukiri kwamba nilipofungua duka la mtandaoni la picha za ukutani mnamo Februari 2025, nilifanya biashara kana kwamba kuta za watu wa huku ni tupu.

Mtaji ulikuwa Sh38,000. Elfu kumi na nane zilikuwa akiba yangu kutokana na vibarua vya kuchapisha kadi za harusi na programu za mazishi mjini Webuye. Elfu ishirini zilitoka kwa chama cha Mama, naye alizikopa kwa jina lake. Katika chama hicho mwanachama asipolipa, wenzake huja nyumbani kuchukua kitu. Kwetu "kitu" ni ng'ombe mmoja tu, na ndiye anayetupa maziwa ya chai.

Nikafungua ukurasa wa Facebook na akaunti ya WhatsApp ya biashara. Nikajaza picha za simba, za maghorofa ya New York usiku, na zile za rangi zilizopakwapakwa ambazo hata mimi sikuweza kueleza ni za nini. Zote niliziweka kwenye sebule ya mfano niliyoitoa mtandaoni: ukuta mweupe pe, kochi la kijivu, mmea kwenye chungu. Bei sikuandika. Niliandika "njoo inboksi", kama nilivyoona wengine wakifanya. Halafu nikalipia tangazo la Sh1,500.

Laiki zilimiminika, nyingi kutoka Kampala, Mombasa na Juba. Inboksi ikajaa "Bei?" na "Mko pande gani?" Nikijibu, kimya. Wiki sita zikapita nikiwa nimeuza picha mbili, na moja ilinunuliwa na binamu yangu kwa kunihurumia.

Siku moja Mama aliichukua simu yangu, akatazama tangazo kwa muda mrefu.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni mfano tu, Mama."

"Basi mtu atadhani unauza kiti."

Nilicheka, lakini usiku sikulala. Alikuwa amesema kweli. Jambo la kwanza ambalo mteja wa Matulo, Misikhu au Bokoli aliona katika tangazo langu ni nyumba isiyo yake. Akiiona hiyo nyumba, anajua bidhaa si ya watu kama yeye, na anapita. Anayeuliza bei ni yule anayetaka kuthibitisha kwamba ni ghali.

Kulikuwa na kosa lingine, na hili ni la kisheria. Zile picha za simba na maghorofa sikuzipiga mimi. Nilizipakua tu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haijali kwamba wewe ni mdogo na unauzia kijijini. Picha ni mali ya aliyeipiga mpaka akuruhusu. Kijana yeyote anayefikiria biashara hii aanzie hapo. Nilizifuta zote, nikachukua simu na kwenda maporomoko ya Nabuyole asubuhi, maji ya Nzoia yakiwa mekundu kwa mvua. Nikapiga pia vilima vya Chetambe, na Mlima Elgon ukiwa umejitokeza wote bila wingu, jambo ambalo huku linataka uamke mapema.

Nilichapisha Nabuyole kwenye kanvasi, nikaipigilia juu ya fremu ya mbao ya saiprasi, nikaitundika sebuleni kwetu. Ukuta wetu nusu ya chini ni rangi ya mafuta ya bluu, nusu ya juu ni ya maziwa, na kuna ufa unaoanzia dirishani. Sikuuficha. Kalenda ya kanisa niliiacha pale pale kando. Nikapiga picha, nikaandika: "Sh1,800. Inazidi kalenda kidogo kwa ukubwa, kama unavyoona."

Jioni hiyo watu kumi na mmoja waliniandikia, na wengi hawakuuliza bei. Waliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria hata siku moja: "Huo ukuta ni wa simiti ama udongo? Umepigaje msumari?"

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mfanyabiashara. Msumari ndio uliokuwa ukinizuia kuuza. Kwenye ukuta wa udongo, msumari wa kawaida hushika siku mbili kisha unadondoka na kipande cha ukuta. Dawa yake ni waya: unaufunga kwenye boriti ya juu ya ukuta, picha inaning'inia kutoka huko, na ndiyo sababu picha za wazee wetu huinama mbele. Kwenye simiti msumari wa chuma unatosha. Na wapangaji wa vyumba mjini Webuye au Bungoma wana shida tofauti: mwenye nyumba hataki kusikia nyundo. Hao nawatengenezea picha nyepesi isiyo na fremu ya mbao, inayoshikwa kwa gundi ya pande mbili. Sasa kila picha inatoka na kifaa chake cha kutundikia, bei ikiwa moja. Kabla ya kuuliza jina la mteja, nauliza ukuta wake.

Lakini bado nilikuwa nauza moja moja. Kilichobadilisha mambo kilinijia kwa njia ambayo nisingeichagua.

Mwezi wa sita, bibi kizee wa jirani alifariki. Jumatano asubuhi mjukuu wake alinijia na kitambulisho. "Kijana, tunaweza kumpata Kukhu akiwa mkubwa?" Mazishi yalikuwa Jumamosi. Katika miaka yote ya kuishi kwake, picha pekee iliyokuwa na uso wake peke yake, unaoonekana vizuri, ilikuwa hiyo ya kitambulisho: nyeusi na nyeupe, ndogo kama stempu.

Niliikopi kwa skana, nikaipitisha kwenye programu moja ya simu inayotumia akili unde kusafisha picha za zamani. Dakika moja tu, ikatoka safi ajabu. Nilijivunia. Nikamwonyesha binti wa marehemu. Aliitazama, akanirudishia simu polepole.

"Huyu si Mama."

Nilitazama tena. Programu ilikuwa imemfuta makunyanzi, imemnyoosha midomo, imempa macho ya mwanamke wa miaka thelathini ambaye hakuwahi kuishi Matulo. Ilikuwa picha nzuri ya mtu asiyekuwepo.

Nilirudi kwenye ile chafu. Nilikaa usiku nikiifuta mistari ya kitambulisho kwa mkono, kidogo kidogo, bila kugusa uso. Stima ikapotea saa tano, nikamalizia kwa betri iliyobaki. Nilijua pia kwamba uso mdogo namna ile ukiupanua kupita kiasi unageuka kuwa nukta tupu. Kwa hiyo niliuacha ukubwa wa karatasi ya kawaida ya A4, nikauzungushia pambizo pana jeupe ndani ya fremu kubwa. Ijumaa nikapanda matatu hadi Bungoma kuchapisha. Jioni tuliiweka mezani mbele ya hema. Binti yake aliigusa shavuni, hakusema kitu.

Mjomba wangu alikuwa amenishauri niandike nambari ya simu kwenye kona ya mbele, "watu ni wengi, hiyo ni tangazo la bure." Nilikataa. Niliiandika nyuma, kwa kalamu. Wanaotaka kujua hugeuza. Na waligeuza. Wiki mbili zilizofuata nilipata oda tisa, zote kutoka kwa watu waliokuwa chini ya hema lile: picha za harusi zilizoliwa na mchwa, baba aliyevaa sare ya Panpaper enzi kiwanda kikinguruma, mtoto aliyekwenda Nairobi asirudi. (Ndiyo, mji wa Webuye ulijulikana kwa karatasi, na mimi kanvasi na karatasi zangu naagiza kutoka Nairobi. Kiwanda kilifungwa 2009, na hata baada ya kampuni ya Rai kukinunua 2016, yangu mimi bado inakuja na basi.)

Nilipokuwa chuo cha ufundi, mwalimu alitusimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, na wakati huo niliona ni hadithi ya mtihani. Mtu huyu alitoka kusini mwa Tanzania, akafika Dar es Salaam kutafuta kazi, na karibu 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Hakuwa na jumba la maonyesho. Kazi zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali wageni na mabalozi walipokwenda kununua chakula. Mtu alitoka dukani na kikapu, akakuta picha imeegemezwa pale. Alikufa 1972, akiwa bado kijana, lakini wanafunzi wake waliendelea mahali hapo hapo na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Niliporudia kuifikiria hadithi hiyo, nilijiuliza: Oysterbay ya Matulo ni wapi? Ni mahali mtu anakaa dakika ishirini akitazama ukuta bila la kufanya. Nikaenda kwa kinyozi. Nilimpa picha ya Elgon bure, bila masharti, ila chini yake pana kikaratasi chenye bei na nambari. Nikafanya vivyo hivyo kwa saluni moja ya Webuye na hoteli ya chai njia ya Kitale. Zile tatu zimenigharimu pesa ndogo kuliko matangazo niliyolipia, na zimeleta wateja ambao tayari wameigusa bidhaa kwa mkono. Tangazo la Facebook bado nalipia mara moja moja, lakini nimelifunga lionekane kilomita arobaini tu kutoka hapa. Juba wanisamehe.

Walio mbali nao wapo, ila si wale niliodhani. Ni watu wa huku wanaoishi Nairobi na Nakuru. Hao hununua Nabuyole. Niliwapata katika makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, niliposhiriki picha moja tu bila maneno mengi.

Shida ya walio mbali ni kuaminiana. "Nikutumie pesa kwanza? Nitajuaje we si tapeli?" Ni swali halali. M-Pesa, tuliyonayo tangu 2007, huonyesha jina la anayepokea, na hilo husaidia kidogo, lakini jina si uso. Ninachofanya ni kumtumia mteja video fupi ya picha yake ikifungwa, jina lake likiwa juu ya karatasi. Wa karibu hulipa ikifika. Anayetaka picha ya mtu wake hulipa nusu kabla, kwa sababu uso wa baba ya mtu huwezi kumuuzia mwingine.

Hasara nimeipata pia. Fremu ya kioo niliyotuma Kitale kwa matatu ilifika vipande vipande, na dereva akasema alipewa ikiwa hivyo. Nililipa Sh2,600 mfukoni mwangu, na tangu siku hiyo kioo nimekiacha. Kanvasi hata ikikaliwa na gunia la mahindi itanyooka.

Deni la chama limebaki Sh4,500. Ng'ombe yupo.

Sasa macho yangu yako Agosti. Mwaka 2025 ulikuwa witiri, na Wabukusu hutahiri vijana Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa hiyo msimu wangu wa kwanza wa sikhebo ni huu wa 2026. Wageni watajaa kila boma, na kabla ya wageni kuta hukandikwa upya au kupakwa rangi. Wavulana wakizunguka na chinyimba zao kuwaalika jamaa, simu zote zitakuwa juu. Picha za hao watoto sitazipandisha kwenye ukurasa bila ruhusa ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai hivyo, na hata isingedai, mtoto wa mtu si tangazo.

Juzi mama mmoja wa upande wa Misikhu alinipigia, kisha akaja mwenyewe. Alitoa kwenye Biblia picha ya mumewe akiwa kijana, 1992, amejipaka udongo, chinyimba mikononi. Anataka wanawe wawili waikute sebuleni asubuhi hiyo. Picha ina mkunjo katikati, lakini umepita gotini. Uso uko mzima.

"Ni ngapi?"

"Elfu mbili mia tano, Mama."

"Bei ya mwisho?"

Tuliongea, tukapatana. Nikamuuliza ukuta wake ni wa nini.

"Udongo. Lakini tutaukandika Julai."

Nikaandika kando ya jina lake: waya, si msumari.