Kituo cha Reli cha Jungfraujoch

Katika milima ya Alpi, nchini Uswisi, kuna kituo cha reli kilichochongwa ndani ya mwamba, mita 3,454 juu ya usawa wa bahari. Hakuna kituo cha reli kilicho juu zaidi yake barani Ulaya.

Mwasisi wake, Adolf Guyer-Zeller, alipata wazo la njia hiyo mwaka 1893, na ujenzi ulianza mwaka 1896. Kwa kuwa kilometa 7 hivi kati ya 9 zilipaswa kupita chini ya milima ya Eiger na Mönch, moshi wa makaa ungewasonga abiria. Hivyo ulichaguliwa umeme. Aidha, magurudumu ya kawaida huteleza kwenye mwinuko mkali. Kwa sababu hiyo, kati ya reli mbili iliwekwa ya tatu yenye meno, ishikanayo na gurudumu la meno chini ya treni. Kwa njia hii treni huweza kupanda mita 1 kwa kila mita 4.

Kazi iliyokadiriwa miaka 7 ilichukua 16. Mwaka 1899 mlipuko uliwaua wafanyakazi 6, na mwaka huo huo Guyer-Zeller alifariki. Kituo kilifunguliwa tarehe 1 Agosti 1912.

Je, faida yake ni kwa watalii tu? La. Mwaka 1931 kilifunguliwa hapo kituo cha utafiti. Hewa ya huko, iliyo mbali na moshi wa mabondeni, huwawezesha wanasayansi kupima gesi zinazobadilisha hali ya hewa ya dunia. Bila njia iliyochimbwa na wafanyakazi wale, vipimo hivyo visingeweza kuendelea mwaka mzima.